Nzuri ya getini na nzuri ya nyumbani

Shangazi yangu alitoka kliniki ya presha saa nane mchana. Alikuwa amefika saa moja asubuhi. Getini, chini ya mwarobaini, alimkuta kijana mwenye fulana ya mradi na kishikwambi mkononi. Kijana akampa shikamoo, akamwomba dakika kumi. Mimi nilishaita bajaji na nilikuwa nimesimama pembeni, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Mama, huduma ya leo umeionaje?"

"Nzuri."

"Wahudumu walikusikiliza?"

"Walinisikiliza."

"Na muda wa kusubiri?"

"Wa kawaida, baba. Watu wengi."

Kijana akagusa kioo mara tatu nne, akashukuru, akamfuata mama mwingine.

Bajaji haijafika hata kwenye lami, shangazi akaanza. Nesi wa mapokezi alimfokea mbele za watu kwa sababu kadi yake imechakaa. Daktari aliandika bila kuinua uso. Dawa tatu alizoandikiwa, moja haipo, akanunue nje. Nikamuuliza kwa nini hakuyasema pale. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini moto unaunguza. "Mwezi ujao si narudi palepale?"

Sikuweza kucheka. Nilishafanya kazi ya yule kijana kwa misimu miwili, na siku ile nilijiuliza nilijaza "nzuri" ngapi za namna hiyo, nikazituma kwenye seva jioni nikiwa na imani kabisa kwamba nimekusanya maoni ya wagonjwa.

Mtu aliyewahi kuhudhuria kliniki ya presha ataelewa jambo hili haraka kuliko msomi wa takwimu. Kipimo hakichukuliwi ukiwa umetoka kupanda ngazi. Unaambiwa ukae kidogo, utulie, usiongee. Hata hivyo wapo ambao presha yao hupanda kila wanapomwona mtu mwenye koti jeupe, na ikipimwa nyumbani kwa mashine ileile inasoma chini. Mashine ni nzima na mgonjwa hajadanganya, ila mazingira nayo yameingia kwenye kipimo. Dodoso la afya liko hivyohivyo. Swali linaweza kuwa moja, herufi kwa herufi, lakini ukilipeleka getini, au nyumbani, au kwa simu, au kwa meseji, au kwenye karatasi ndani ya bahasha, utarudi na majibu yasiyofanana. Njia uliyotumia kumfikia mtu nayo imejibu.

Tanzania ina mfano wa wazi kuliko nchi nyingi, na unatoka Tanga. Katika wilaya za Korogwe na Muheza, watafiti wa mradi ulioitwa Staha walitaka kujua ni wanawake wangapi hutendewa vibaya wanapojifungua: kufokewa, kutukanwa, kupigwa, kuachwa peke yao uchungu umeshika. Waliwahoji wanawake 1,779 wakati wanaruhusiwa kutoka kwenye vituo vinane. Asilimia 19 walisema yaliwapata. Kisha wanawake 593 kati yao wakafuatwa majumbani, wiki 5 hadi 10 baada ya kujifungua. Huko asilimia ikawa 28.

Dar es Salaam tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Katika hospitali moja kubwa, wanawake waliulizwa ndani ya saa chache tangu kujifungua, wengine wakiwa bado wodini, na asilimia 15 wakataja angalau tukio moja la kudhalilishwa. Walipofuatwa majumbani wiki 4 hadi 6 baadaye, waliotaja walikuwa asilimia 70. Hiyo 70 usiishike kwa mikono miwili, maana waliofuatwa nyumbani walikuwa 64 tu, ilhali waliohojiwa hospitalini walikaribia 2,000. Lakini watafiti hao walikuwa pia wameweka watu ndani ya chumba cha kujifungulia kushuhudia kwa macho, na kwa baadhi ya mambo kilichoonekana mle ndani kilifanana zaidi na simulizi za nyumbani kuliko za wodini.

Kenya nako, mradi wa Heshima uliwahoji wanawake 641 walipokuwa wakiruhusiwa kutoka katika vituo 13, na asilimia 20 wakasema walidhalilishwa kwa namna fulani. Ziweke pamoja namba za hospitalini: Dar 15, Tanga 19, Kenya 20. Ni ndugu wa baba mmoja. Mtu akizisoma hivi, bila kuuliza ziliokotwa wapi, atasema kwamba Afrika Mashariki mwanamke mmoja kati ya watano hutendewa vibaya, na atalala usingizi akiamini anaijua hali.

Kwa nini nyumbani wanasema zaidi? Shangazi alishatoa sababu ya kwanza: pale hospitali ndipo atakaporudi. Mama aliyejifungua anaogopa zaidi, kwa sababu kliniki ya mtoto iko mlango wa pili na nesi aliyemfokea anaweza kuwa ndiye atakayemchoma mtoto chanjo. Mdodosaji hata akijieleza mara tatu kwamba yeye si mtumishi wa hospitali, amesimama ndani ya uzio wa hospitali, amevaa kitambulisho shingoni, na mlinzi amemruhusu. Kwa mgonjwa huyo ni mwenzao. Sababu ya pili ni uchovu na furaha. Mwanamke ameokoka, mtoto analia vizuri, ndugu wanangoja nje na chupa ya uji. Saa hiyo hana nafasi ya manung'uniko. Wiki tano baadaye ameshasimulia habari yake kwa mama yake, kwa jirani, kwa rafiki aliyejifungulia kwingine bila kufokewa, na jambo aliloliona la kawaida limeanza kupata jina lake. Hapo lakini pana mtego upande wa pili pia, kwa sababu kumbukumbu inayosimuliwa mara kumi huota nyama ambazo haikuwa nazo.

Kuna na sababu ya tatu, ambayo sijaiona ikipewa uzito unaostahili, nayo ni ya sisi wenye lugha hii. Kwetu "umeionaje?" inasikika kama salamu. Na salamu ina jibu lake. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Kisha ndipo msiba unapotajwa: "ila mdogo wangu tulimzika juzi." Mtu aliyefiwa anaanza na "nzuri" kwa sababu adabu inamtaka afungue hivyo, na msikilizaji mwenye adabu anajua kungoja. Mdodosaji hangoji. Anaposikia "nzuri" anagusa kioo na kwenda swali la pili, wakati kwa mwenzake mazungumzo ndiyo kwanza yameanza. Nyumbani, juu ya mkeka, huku mchele unapepetwa, kuna nafasi ya ile "ila" kufika. Getini haipo.

Mtu anaweza kusema: labda waliopatikana nyumbani ni watu tofauti na waliohojiwa wodini. Ni hoja halali, na hapa ndipo mambo mawili huchanganywa kila siku hata na wakubwa. Jambo la kwanza ni *nani* amefikiwa. La pili ni *anasema nini* baada ya kufikiwa. Ukipiga simu unawapata wenye simu, wenye chaji, wenye mtandao, wanaopokea namba ngeni. Ukituma meseji unawapata wanaosoma na wenye subira ya kuandika. Ukisubiri getini unawapata waliofika hospitali na kumkosa kabisa aliyekata tamaa akaishia duka la dawa. Hiyo ni hesabu ya watu. Hesabu ya maneno ni nyingine: mtu yuleyule mmoja, ukimfikia kwa simu au kwa karatasi, majibu yake yatatofautiana kiasi gani?

Kuzitenganisha hesabu hizo mbili kuna njia moja ya uhakika, nayo ni kura. Marekani waliipiga. Huko wana dodoso la kitaifa la wagonjwa waliolazwa, HCAHPS, linalosimamiwa na CMS, shirika la serikali linaloendesha bima ya Medicare. Mwaka 2006, kabla halijasambazwa nchi nzima, walichukua wagonjwa kutoka hospitali 45 na kuwagawa kwa bahati nasibu: kundi moja likapelekewa karatasi kwa posta, la pili likapigiwa simu, la tatu likapelekewa karatasi kwanza na wasiojibu wakapigiwa simu, la nne likaingizwa kwenye simu ya sauti iliyorekodiwa, ile ya kubonyeza namba. Kwa kuwa ni kura iliyowagawa, huwezi kusema kundi la simu lilikuwa la wagonjwa wenye bahati zaidi au la hospitali bora zaidi. Ikitokea tofauti, ni ya njia.

Ikatokea. Waliojibu kwa simu, na wale wa kubonyeza namba, waliisifu hospitali kuliko wale wa posta.

Hapo ilibidi uamuzi ufanyike, maana alama hizo zilianza kutangazwa hadharani Machi 2008, na tangu Oktoba 2012 sehemu ya malipo ya hospitali inategemea, pamoja na mambo mengine, wagonjwa wamesema nini. Fikiria wewe ni mkurugenzi wa hospitali na umesikia kwamba simu huleta sifa. Utachagua posta kwa sababu gani? Kwa hiyo kila alama, kabla ya kutangazwa, hurekebishwa kulingana na njia iliyotumika, posta ikiwa ndiyo kigezo. Hospitali iliyotumia simu inapunguziwa. Hurekebishwa pia kwa aina ya wagonjwa, umri wao na hali zao za kiafya, ili hospitali yenye wazee wengi isifananishwe kijuujuu na yenye vijana. Dodoso hilo halijasimama mahali pamoja: kwa wagonjwa waliotoka hospitali kuanzia Januari 2025, njia za intaneti zimeongezwa na ile ya kubonyeza namba imeondolewa.

Kinachonivutia zaidi katika jaribio lile ni hao wa kubonyeza namba. Kama sababu ingekuwa aibu tu, yaani kuona haya kumlalamikia binadamu anayekusikiliza, basi mashine ingepaswa kufanana na karatasi, kwa kuwa mtu haionei mashine haya, wala mashine haimkasirikii. Haikufanana nayo. Ilikaa upande wa simu. Kwa hiyo lazima sikio lenyewe lina mchango.

Nao si mgumu kuuelewa. Anayesoma karatasi huona majibu yote manne kwa pamoja, anarudi juu, anashuka chini. Anayesikiliza hana cha kurudia. "Wauguzi walikuheshimu mara ngapi: hawakufanya hivyo kabisa, mara chache, mara nyingi, au wakati wote?" Neno linalobaki sikioni ni la mwisho, na katika dodoso lile neno la mwisho ni lile zuri kuliko yote. Watafiti wa hojaji wamelijua jambo hili tangu miaka ya 1980: kinachosomwa kwa macho huvuta mtu kwenye majibu ya mwanzo, kinachosikiwa humvuta kwenye ya mwisho. Na kwenye simu watu hupenda ncha za kipimo. "Nimeridhika sana" hutoka mdomoni kwa urahisi kuliko "nimeridhika kwa kiasi fulani", ambalo ni neno la mtu mwenye kalamu na wakati.

Hata watu kujieleza afya zao hufuata mkondo huo. Dodoso maarufu la hali ya afya, SF-36, lilipojaribiwa Marekani kwa posta na kwa simu, wa simu walijieleza kuwa wazima zaidi. Kwa simu kila mtu hajambo.

Turudi kwetu, maana simu ya Marekani na simu ya Handeni ni vitu viwili. Huku simu moja inaweza kuwa ya nyumba nzima. Anapigiwa mke, anapokea mume, anaweka spika, anakaa. Utamuuliza nini mwanamke huyo kuhusu uzazi wa mpango? Halafu kuna matapeli. Nchi iliyozoea meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" haipokei kirahisi sauti ngeni inayoanza kwa kutaja jina lako na hospitali uliyotibiwa. Nilipokuwa kazini, swali la kwanza la wengi halikuhusu utafiti. Lilikuwa: "Namba yangu umeitoa wapi?" Ukishaulizwa hivyo, majibu yote yanayofuata ni ya mtu aliyefunga mlango nusu.

Waliolifikiria hili mapema ni Twaweza, asasi ya kiraia. Walipoanzisha Sauti za Wananchi, utafiti wao wa maoni kwa simu, hawakuanza kwa kupiga namba zozote. Walikwenda kwanza kwenye kaya, wakawachagua watu ana kwa ana, wakawapa simu na chaja za sola, ndipo wakaanza kuwapigia mara kwa mara kuwauliza kuhusu afya, shule, maji na mengineyo. Hapo hesabu ya watu wameibana vizuri: asiye na simu hakuachwa nyuma. Hesabu ya maneno inabaki. Mtu uliyempa simu ana deni la hisani kwako, na mwenye deni la hisani hakosi heshima. Sisemi hili kuwabeza. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Ninasema tu kwamba ukitatua moja, jingine linakungoja mlangoni.

Kwa mambo ya siri, ngoma hugeuka kabisa. Mwaka 1998 jarida la *Science* lilichapisha utafiti wa wavulana wa Marekani wa miaka 15 hadi 19. Baadhi walijaza karatasi wenyewe, wengine wakasikiliza maswali kwenye vipokea sauti masikioni na kujibu kwa kompyuta, hakuna binadamu anayesikia swali wala jibu. Waliokiri kujamiiana na wanaume wenzao walikuwa asilimia 1.5 kwenye karatasi na 5.5 kwenye kompyuta. Angalia kwamba hata wale wa karatasi walijaza peke yao. Tofauti ilikuwa kwamba karatasi ina mwandiko wako, na mtu ataikusanya mkononi.

Ndiyo maana wanaofanya utafiti wa demografia na afya, ule ambao wengi tunaujua kwa majina kama TDHS Tanzania na KDHS Kenya, hutuma wadodosaji wanawake kwa wanawake, na sehemu ya ukatili wa nyumbani huulizwa mwanamke mmoja tu kwa kaya, faraghani. Akiingia mtu, mazungumzo hubadilishwa au hukatishwa. Na ndiyo maana utafiti wa viashiria vya UKIMWI haukuishia kwenye maneno: damu ilipopimwa, walipatikana waliosema hawajui hali zao huku damu ikiwa na ARV. Mtu huyo hakumdanganya mdodosaji kwa ubaya. Alimkuta sebuleni kwake, siku ya kwanza kuonana, amesindikizwa na mwenyekiti wa kitongoji.

Basi njia ipi ni ya kweli? Swali hili huulizwa kila semina, na mimi huona limekaa vibaya. Kwa jambo linalohesabika na lisilo na aibu, kama ulipata dawa ngapi kati ya ulizoandikiwa, ulisubiri saa ngapi, ulilipa shilingi ngapi, getini ni bora kuliko nyumbani: karatasi ya dawa bado iko mkononi na saa bado iko kichwani. Ukingoja wiki sita, saa tano za kusubiri zitakuwa "siku nzima" au zitakuwa zimesahaulika. Kwa kutukanwa na kudhalilishwa, ningeamini nyumbani. Kwa siri ya mwili, vipokea sauti masikioni au maabara. Kwa kufuatilia jambo moja mwezi hadi mwezi, simu inatosha, mradi usibadilishe njia katikati ya safari.

Hilo la kubadilisha njia ndilo linalowaumiza wengi kimyakimya. England, utafiti wa kila mwaka wa wagonjwa waliolazwa ulikuwa wa karatasi kwa miaka mingi. Mwaka 2020 ukahamia mtandaoni, watu wakikumbushwa kwa meseji na karatasi ikibaki kwa wasiojibu. Wasimamizi walisema waziwazi kwamba matokeo mapya yasilinganishwe na ya miaka ya nyuma. Walikata uzi wao wenyewe, hadharani. Sidhani kama kwetu kila mradi una ujasiri huo. Mwaka huu wadodosaji getini, mwaka kesho fedha zimepungua, tunapiga simu. Alama zimepanda kutoka 71 hadi 83, tunaandika "mafanikio" na kupiga picha na mganga mkuu. Mfano huu wa namba ni wangu wa kubuni, lakini aliyewahi kukaa kwenye vikao vya kufunga miradi atacheka kidogo.

Mwezi uliopita shangazi alipigiwa. Ilikuwa Jumapili, tumekaa nje, anachambua mchicha. Sauti ya binti ikamsalimia vizuri, ikajitambulisha, ikauliza kama ana dakika saba za kuzungumzia huduma aliyopata kliniki. Shangazi akaitoa simu sikioni, akanisukumia. "Jibu wewe, hayo ni mambo yenu." Nikamwambia binti kwamba mimi si mgonjwa, mgonjwa mwenyewe yuko hapa. Akanyamaza kidogo, nyuma yake nilisikia wenzake wengi wakiuliza maswali yaleyale. "Haina shida kaka," akasema, "si mnaishi pamoja? Twende swali la kwanza."